DAFTARI NI LA NANI?

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini hawakutuachia jibu la swali la pili, nalo ni hili: daftari lenyewe likiwa mkononi mwa mtu mwingine, je, mali ni ya nani? Swali hili si geni katika nchi ya Usukuma. Baba zetu walilijibu zamani kwa vitendo, na leo limerudi tena mlangoni petu likiwa limevaa nguo mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Shinyanga, Maswa, Kwimba au Geita alibeba mzigo wake akaupeleka kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma mizani alikuwa mtu wa mnunuzi. Aliyeandika uzito kitabuni alikuwa karani wa mnunuzi. Mkulima, aliyelima na kupalilia na kuchuma, hakuwa na kitu cho chote cha kuonyesha isipokuwa neno lake, na neno la maskini halina uzito mbele ya kitabu cha tajiri. Ndipo wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe penye masoko ya pamba, watu wa kuaminiwa, ili wapime mzigo kabla haujafika kwenye mizani ya mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka wa 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Viwanda vya kuchambulia pamba vilikuja baadaye. Mizani na daftari vilitangulia.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu wananchi wa mikoa hii, wachimbaji, wafanya biashara wadogo, madereva na wafanyakazi wa migodi, leo wamo katika soko jingine ambalo mizani yake hawaioni na daftari lake hawalishiki. Soko hilo ni mitandao ya kijamii.

DUKA LISILO NA UFUNGUO

Mtu ye yote aliyekaa Katoro amemwona mwanamke wa namna hii. Anauza mabuti, tochi, kamba na nguo za kazi. Zamani wateja wake walikuwa wale tu waliopita mbele ya meza yake. Siku hizi hupiga picha za bidhaa, akazitia mtandaoni, na maagizo humjia kutoka Nyarugusu, Rwamagasa, Masumbwe, Kakola na hata Kahama. Amefanya kazi hiyo miaka mingi. Maelfu ya watu wanamfuata. Chini ya picha zake kuna maneno ya shukrani ya watu waliopokea mzigo kamili na kwa wakati. Maneno hayo ndiyo mtaji wake mkubwa, kwa maana mgeni asiyemjua akiyasoma humtumia fedha bila woga.

Sasa mwanamke huyo akitaka kuhamia mtandao mwingine ulio bora, atachukua nini? Picha zake aweza kuzichukua. Maandishi yake aweza kuyachukua. Lakini wale maelfu wanaomfuata hawezi kuwahamisha, wala zile shukrani zao. Huko aendako atakuwa mgeni asiye na jina, kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye basi. Na mwizi akimnyang'anya ukurasa wake, au mwenye mtandao akiufunga kwa kosa la kweli au la kudhaniwa, miaka yake yote ya uaminifu hufungiwa ndani. Amejenga duka kwa jasho lake mwenyewe, lakini ufunguo hakupewa.

Wapo watakaosema, "Basi, mitandao ni mingi, achague." Twajibu kwamba wingi huo ni wa majina zaidi kuliko wa wenyewe. Kampuni ya Facebook, ambayo tangu 2021 yajiita Meta, iliinunua Instagram mwaka wa 2012 kwa dola bilioni 1, na mwaka wa 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo ya kampuni hiyo iliharibika, na kwa muda wa saa sita hivi mitandao yote mitatu ilikuwa kimya duniani kote. Mfanya biashara aliyedhani kwamba ana maduka matatu aligundua siku ile kwamba ana duka moja lenye milango mitatu.

UGALI WA MFADHILI

Wachimbaji wadogo wa Geita hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa wanalijua kwa jina jingine. Mwenye duara asiye na mtaji humtafuta mfadhili. Mfadhili hutoa ugali na maharage, hutoa magogo ya kuzuia kuta, hutoa mafuta ya pampu na gharama za baruti. Chakula hicho hakilipiwi siku ile. Lakini mawe yakitoka na dhahabu ikapatikana, mchimbaji hana tena uhuru wa kutafuta bei: dhahabu lazima aiuze kwa mfadhili wake. Aliyekula ugali wa mtu hachagui mizani.

Hivyo ndivyo ilivyo mitandao tunayoambiwa kwamba ni ya bure. Hatulipi senti kuingia. Ugali umepakuliwa, nasi tunakula. Lakini kila tunachosema, kila tunachokitazama, marafiki tunaozungumza nao na saa tunazoamka huandikwa katika daftari, na daftari hilo ndilo linalowavuta wenye matangazo na kuleta mapato makubwa. Hatusemi kwamba mfadhili ni mtu mbaya. Maduara mengi yasingechimbwa bila yeye, na biashara nyingi za Katoro zisingekua bila mitandao hiyo. Twasema tu kwamba fadhila isiyokuruhusu kuondoka ni deni.

Itazameni dawa iliyotumika katika dhahabu. Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mingine, Shinyanga ikiwemo. Katika soko hilo wanunuzi hukaa mahali pamoja, dhahabu hupimwa mbele ya maofisa wa Serikali, na bei hujulikana. Mchimbaji akikataa bei ya dirisha la kwanza huifunga dhahabu yake na kwenda dirisha la pili. Nguvu yake yote imo katika tendo hilo dogo la kuifunga dhahabu na kuondoka nayo. Mnunuzi anayejua kwamba muuzaji aweza kuondoka husema naye kwa adabu.

Haki tunayoizungumzia leo ni hiyo hiyo. Kwa maneno mafupi, ni haki ya mtu kuchukua taarifa zake kutoka mtandao mmoja na kuzipeleka katika mtandao mwingine unaoshindana nao, bila kuzuiwa na bila kuanza upya.

TULIKWISHA KUFANYA HIVI

Mtu asidhani kwamba hizi ni ndoto za wasomi. Katika nchi yetu jambo la namna hii limekwisha kufanyika mara mbili, na wananchi wanalitumia kila siku.

Mara ya kwanza ilikuwa katika fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka wa 2008, na kampuni nyingine zikaanzisha za kwao. Kwa miaka kadhaa kila kampuni ilikuwa kisiwa. Aliyemtumia fedha ndugu aliye katika mtandao mwingine alimpelekea namba ya siri tu, naye ndugu akalazimika kumtafuta wakala wa kampuni ya mtumaji ili azitoe. Ndiyo maana mfanya biashara wa kanda ya ziwa alitembea na laini tatu au nne mfukoni, kama mlinzi mwenye shada la funguo. Mwaka wa 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na mwaka wa 2016 Vodacom nayo ikaingia. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza katika Afrika kulifanya jambo hilo. Leo mchimbaji aliye Mwakitolyo humtumia mama yake aliye Tabora bila kuuliza laini yake ni ya kampuni gani. Je, kampuni zilikufa? Hazikufa. Ziliendelea kushindana, lakini zilishindana kwa huduma na si kwa kuta.

Mara ya pili ilikuwa katika namba za simu. Tarehe 1 Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianzisha utaratibu wa mtu kuhama kampuni ya simu pamoja na namba yake ile ile, na neno lililochaguliwa la kuanzia safari hiyo lilikuwa la Kiswahili safi: HAMA. Tangu siku hiyo namba haikuwa tena mali ya kampuni peke yake. Fundi aliyeandika namba yake ubavuni mwa gari aweza kubadili kampuni bila kupaka rangi upya.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia katika namba, mwezi wa Aprili 2011, na kutoka kwao tulijifunza somo lenye thamani. Mtu wa Kenya aliyehama na namba yake aliiacha nyuma huduma ya fedha aliyoizoea, kwa maana M-Pesa ilibaki kwa kampuni aliyoiacha. Kwa hiyo ruhusa ya kuhama ilikuwapo, lakini waliohama walikuwa wachache. Mwaka wa 2018 ndipo kampuni za Kenya zilipoanza kuunganisha huduma zao za fedha. Somo lenyewe ni hili: kumruhusu mtu kuhama na kikapu wakati chakula kinabaki nyuma si kumpa uhuru.

KUHAMA NA KUUNGANA

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuhama, na kuna kuungana. Aliyehama na namba yake ya simu alifaidika kwa sababu kampuni zote zilikuwa zimeungana tangu zamani: wa kampuni hii aliweza kumpigia wa kampuni ile. Kama zisingeungana, namba ingehama na simu isingelia.

Katika mitandao ya kijamii mambo yako kinyume. Mwezi wa Januari 2021 WhatsApp ilitangaza masharti mapya, watu wengi duniani wakaingiwa na wasiwasi juu ya siri zao, na mamilioni wakajiandikisha Telegram na Signal. Mwezi ule ule Telegram iliweka njia ya kuingiza mazungumzo ya zamani yaliyotoka WhatsApp. Hivyo mtu aliweza kubeba maneno yake. Lakini shangazi, wakwe na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa walibaki kule kule, na mtandao ule hauzungumzi na huu. Kwa hiyo wengi walifungua mlango wa pili bila kuthubutu kuufunga ule wa kwanza. Walibeba kumbukumbu za ukoo wakauacha ukoo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeyatambua yote mawili. Sheria yao kuu ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kupokea taarifa alizozitoa mwenyewe, katika mfumo ambao mashine nyingine yaweza kuusoma, na kuzipeleka atakako. Kisha sheria yao nyingine juu ya masoko ya kidijitali, ambayo makampuni makubwa yalitakiwa kuitii kuanzia Machi 2024, inaitaka mitandao mikubwa ya ujumbe ifungue milango ili watu wa mitandao mingine waweze kuzungumza na watu wake.

Kenya, kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 38, imeiandika waziwazi haki ya mtu kuhamisha taarifa zake, na imempa anayezishika siku 30 za kutimiza ombi. Sisi Tanzania tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Ni hatua kubwa. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kujua ni taarifa gani zake zimeshikwa, haki ya kuzisahihisha, na haki ya kulipwa fidia akiumizwa. Lakini haki ya kuhama nazo haikupewa kifungu chake yenyewe kama ilivyo kwa jirani zetu. Mwananchi wetu ameruhusiwa kulisoma daftari, na kufuta mstari wenye makosa, lakini hajaambiwa wazi kwamba aweza kuondoka na nakala yake hadi dirisha la pili.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki haitetewi kwa kuficha hoja za upande wa pili. Hoja ya kwanza ni ya kweli na ni nzito: taarifa za mtu mara nyingi zimeshikamana na za wenzake. Picha ya arusi ina watu mia. Mazungumzo ya kikundi ni ya kikundi kizima. Orodha ya marafiki ina namba ambazo wenyewe hawakuruhusu zipelekwe kokote. Mwaka wa 2018 dunia ilitambua kwamba taarifa za watu wafikao milioni 87 katika Facebook zilikuwa zimefika mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, na wengi wa watu hao hawakufanya kosa lo lote isipokuwa kuwa na rafiki aliyefungua mlango. Kwa hiyo mwenye kuhama achukue kilicho chake, na wenzake waulizwe kwanza, kila mtu kwa nafsi yake, kama wapenda kujulikana huko aendako.

Hoja ya pili ni wezi. Mlango mpana wa kutolea mali ni mpana pia kwa mwizi, na nani katika mikoa yetu hajapata ujumbe wa tapeli anayemwambia kwamba ile fedha aitume kwa namba nyingine? Hili nalo ni kweli. Lakini hatukufunga benki kwa sababu ya wezi. Tuliweka milango imara na walinzi. Anayetaka kuhamisha taarifa athibitishwe kwamba ndiye mwenyewe, apewe muda wa kughairi, na ajulishwe kwa njia zaidi ya moja.

Hoja ya tatu ni ya makampuni yasemayo kwamba wao ndio waliojenga nyumba, wakaleta mitambo na maarifa. Twakubali. Nyumba ni yao. Lakini mpangaji anapohama huiacha nyumba na kuondoka na kitanda chake, na hakuna mwenye nyumba mwenye haki ya kukizuia kitanda. Mwaka wa 2018 makampuni ya Google, Microsoft, Twitter na Facebook yenyewe yalitangaza mpango wa pamoja wa kurahisisha uhamishaji wa taarifa baina yao, na mwaka wa 2020 Facebook iliwawezesha watu duniani kote kupeleka picha zao moja kwa moja katika hifadhi ya Google. Basi jambo hili lawezekana. Kilichobaki ni kulifanya kuwa haki, lisibaki kuwa hisani, kwa maana hisani huweza kuondolewa siku tajiri atakapoamka vibaya.

TUFANYE NINI

Wazee wetu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walipewa kipande chenye nafasi za siku 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na kipande kilipojaa ndipo mshahara ulipotoka. Alama za shamba moja hazikuwa na maana katika shamba la pili. Leo mfanyakazi wa mgodi akitoka Bulyanhulu akaajiriwa Geita, uanachama wake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii haufi. Michango yake ya zamani yaungana na ile mipya, kwa maana daftari lamfuata mtu na si mwajiri. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kipande na haki.

Wakati tunaingoja sheria, tusikae mikono mitupu. Kila mwenye kufanya biashara mtandaoni achukue nakala ya taarifa zake. Mitandao mikubwa ina njia ya kuzipakua, na gharama yake ni muda na vifurushi tu. Wateja walio waaminifu awaombe namba zao kwa ridhaa yao, aziandike katika daftari la karatasi, na kulifungia sandukuni. Asiweke jina lake lote katika kapu moja. Vikundi vya wachimbaji, vyama vya ushirika na matawi ya wafanyakazi visiache kundi la simu liwe na msimamizi mmoja tu, kwani akifa, akiibiwa simu au akigombana na wenzake, kundi zima huwa yatima. Orodha ya wanachama iwe mali ya chama. Na namba za siri za kuthibitishia simu asipewe mtu ye yote, hata akijitambulisha kwa sauti tamu.

Kwa upande wa Serikali, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Mamlaka ya Mawasiliano zina mfano mzuri nyumbani, hazina haja ya kuutafuta ng'ambo. Zile kampuni za simu zilizokuwa visiwa ziliunganishwa na nchi haikuzama. Kifungu cha haki ya kuhama kiandikwe, kiwe na siku zinazohesabika, na kimguse kila anayeshika daftari la Mtanzania, awe na ofisi Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari. Nchi moja ni sauti ndogo mbele ya makampuni hayo. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ikisema kwa kinywa kimoja, hilo ni soko ambalo hakuna tajiri atakayelidharau.

Wakulima wa pamba wa miaka ya 1950 hawakumpiga mnunuzi, wala hawakuivunja mizani yake. Walisimama penye soko na mpimaji wao, wakaandika uzito katika kitabu chao, kisha wakasogea mbele wakiwa na kitabu hicho mkononi. Mwanamke wa Katoro naye hahitaji zaidi ya hapo. Anataka siku atakapoamua kufunga meza yake na kuipeleka upande wa pili wa barabara, jina lake jema lisiachwe nyuma.